Dragon Age II na lawama iliyokosa shabaha

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Machi 2011, wapenzi wa gemu za kuvaa uhusika duniani kote walikuwa na sababu ya kusema maneno ya namna hiyo, kila mmoja kwa lugha yake. Dragon Age II ilikuwa imeingia sokoni, na wengi walioisubiri kwa hamu waliona wametapeliwa.

Ya kwanza, Dragon Age: Origins, ilitoka Novemba 2009 ikapokewa kwa vifijo. Katika Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, toleo lake la kompyuta lilipata 91 kwa 100. La pili likapata 82. Alama hizo si haba, lakini wachezaji wenyewe hawakuwa na huruma. Walilalamika kwamba nchi nzima imepunguzwa kuwa mji mmoja, kwamba wamenyang'anywa uhuru wa kuchagua asili yao, kwamba mapango yanajirudia, na kwamba shujaa hana anachokiokoa.

Zaidi ya muongo umepita, hasira zimepoa, na mchezaji wa leo anaweza kuzipata zote mbili kwa bei nafuu akazicheza moja baada ya nyingine. Ukizicheza hivyo, lawama zile hazibaki na uzito sawa. Mapango ni aibu kweli, hilo halina mjadala. Lakini mji mmoja, familia moja na ulimwengu usiookoleka si kasoro. Hapo ndipo mwendelezo huu ulipomzidi akili mtangulizi wake. Kilichouangusha ni muda.

Miaka kwa miezi

Zote mbili ni kazi ya BioWare, kampuni ya mjini Edmonton, jimbo la Alberta, Canada, iliyoanzishwa mwaka 1995 na madaktari wa tiba walioamua kutengeneza gemu. Jina lake lilikua kwa Baldur's Gate ya mwaka 1998 na mwendelezo wake wa mwaka 2000, ambazo mchezaji huzitazama kutoka juu, akiongoza kundi la wasafiri sita kama kamanda anayeangalia ramani.

Kwa asiyezijua gemu za aina hii, humo mchezaji hachezi tu, bali anavaa uhusika. Anachagua ni nani, anapigana vipi, anasema nini kwa nani, kisha anaishi na matokeo ya maneno yake. Hadithi moja humeza saa 40, 50 au zaidi. Ndiyo maana hazikuota mizizi katika vibanda vya gemu vya mitaani kwetu, ambako mtu hulipia mechi ya mpira kisha anampisha mwenzake. Hizi zinadai mashine ambayo ukisevu leo, kesho unakuta mambo yako yalivyokuwa.

Origins ilitangazwa mwaka 2004 na ikachukua miaka mitano hadi kufika dukani. Katikati ya safari hiyo BioWare ilinunuliwa na Electronic Arts, kampuni kubwa ya Marekani. Mpango ulitangazwa mwaka 2007 na kukamilika mapema mwaka 2008. Kutoka Origins hadi Dragon Age II ilipita miezi 16 tu, na ndani ya miezi hiyo kampuni ilitoa pia Awakening, nyongeza kubwa ya Origins, Machi 2010.

Vichwa vingi vilikuwa vilevile. David Gaider aliongoza uandishi wa zote mbili, na Inon Zur alitunga muziki wa zote mbili. Brent Knowles, aliyekuwa mbunifu kiongozi wa ya kwanza, aliondoka, na ubunifu wa ya pili ukaongozwa na Mike Laidlaw, ambaye naye hakuwa mgeni katika ulimwengu huo. Kwa hiyo hoja kwamba Dragon Age II ilitengenezwa na watu wasiojua walichorithi haina mashiko. Mgema alikuwa yuleyule na mnazi uleule. Aliambiwa tu ateremke kabla kibuyu hakijajaa.

Milango sita

Origins inaanza kwa swali ambalo gemu chache zimewahi kuliuliza vizuri: umezaliwa wapi? Kuna milango sita ya kuingilia. Unaweza kuwa mtoto wa kabaila, au mchawi aliyelelewa mnarani chini ya ulinzi wa askari wa dini. Unaweza kuwa Muelfi wa porini, au Muelfi wa mjini anayeishi katika mtaa uliozungushiwa ukuta, ambaye siku ya harusi yake mtoto wa bwana mkubwa anaingia na kuondoka na mabibi harusi. Unaweza pia kuzaliwa Orzammar, mji wa watu wafupi ulio chini ya ardhi, ukiwa mwana wa mfalme au ukiwa mtu asiye na tabaka, mwenye alama ya aibu usoni tangu utotoni.

Milango yote inafikia njia moja. Nchi ya Ferelden inavamiwa na mazimwi yanayoongozwa na joka kuu, na wewe unaingizwa katika kikosi cha Grey Warden, mashujaa wanaokunywa damu ya mazimwi ili waweze kuyaua. Kwenye vita vya Ostagar, jemadari Loghain anaondoa majeshi yake na kumwacha Mfalme Cailan auawe. Warden wanabaki wawili: wewe na Alistair. Kuanzia hapo mnazunguka nchi mkikusanya washirika kwa hati za mikataba ya zamani, hadi siku ya kulikabili joka katika mji mkuu, Denerim.

Kwa muhtasari, hiyo ni hadithi ambayo imesimuliwa mara nyingi. Utajiri wa Origins uko katika jinsi mlango ulioingilia unavyobadilisha rangi ya kila kitu. Chukua mfano wa Orzammar. Mfalme amekufa, na wanaogombea kiti ni wawili: Harrowmont, mzee muungwana anayeshika mila, na Bhelen, mwana wa mfalme asiye na haya wala huruma. Ukiwa binadamu, hao ni wanasiasa wawili wa nchi ya watu. Ukiwa mwana wa mfalme, Bhelen ni mdogo wako, yule aliyekusukumia kesi ya mauaji ya kaka yenu hadi ukafukuzwa. Ukiwa mtu asiye na tabaka, Bhelen huyohuyo ndiye aliyemchukua dada yako Rica, akamtoa katika umaskini na kuzaa naye mtoto. Swali ni lilelile na majibu ni yaleyale, lakini kila anayeulizwa ana kidonda chake.

Kisha gemu inakupiga kwa nyuma. Ukimchagua Harrowmont muungwana, maelezo ya mwisho yanakuonyesha Orzammar ikijifungia na matabaka yakikazwa. Ukimchagua Bhelen, anamuua mpinzani wake na kulivunja baraza, lakini biashara na watu wa juu inafunguka na wasio na tabaka wanapata nafuu waliyokuwa hawajawahi kuiota. Mchezaji aliyezoea kumchagua mtu mwema ili mambo yawe mema anabaki ameduwaa. Dragon Age II haina kitu kama hicho, na ni lazima isemwe.

Mkimbizi anayetafuta sarafu 50

Dragon Age II inafunga milango mitano na kuacha mmoja. Wewe ni Hawke, binadamu, mwanamume au mwanamke, mkimbizi wa mazimwi yaleyale ya Origins. Unakimbia kijiji cha Lothering pamoja na mama yako Leandra na wadogo zako wawili, Bethany na Carver. Mmoja wao anauawa njiani. Mnavuka bahari hadi Kirkwall, mji wa mawe ambao zamani ulikuwa soko la watumwa, na mnakuta mjomba amekwisha kuicheza kamari nyumba ya ukoo.

Hakuna joka kuu la kuua. Kazi yako ya kwanza ni kutafuta sarafu 50 za dhahabu ili uingie ubia katika msafara wa kutafuta hazina chini ya ardhi. Unafanya vibarua, unabeba mizigo ya magendo, unatumwa na watu usiowapenda. Hadithi inaruka miaka mara mbili, ikifuatilia maisha ya Hawke mjini humo kwa miaka saba hivi: kutoka chumba cha kubanana kwa mjomba hadi jumba la mtaa wa matajiri, na kutoka mkimbizi asiye na jina hadi mtu ambaye mtawala wa mji anamwita anapokwama.

Msimulizi ni Varric, mfanyabiashara mfupi wa kimo na mrefu wa maneno, anayehojiwa na Cassandra, mpelelezi wa dini. Anaanza kwa kutia chumvi. Dakika za kwanza za gemu Hawke anafyeka mazimwi kama nyasi, hana jasho wala kovu, mpaka Cassandra anapokasirika na kumwambia aseme kweli. Hapo tu ndipo hadithi inapoanza upya na Hawke wa kawaida, anayeumia. Baadaye Varric anasimulia jinsi alivyolivamia jumba la kaka yake peke yake akaangusha walinzi kwa makumi, na mchezaji ndiye anayecheza uongo huo, hadi mpelelezi anapomkatiza tena. Ni utani, lakini una maana: unayoyacheza ni maneno ya rafiki anayemtetea rafiki yake mbele ya polisi. Origins haikuwahi kujaribu ujanja wa namna hiyo.

Njia ya tatu

Tofauti kubwa kuliko zote iko katika maamuzi. Mchezaji wa Origins ana nguvu. Akiwa na subira na maneno mazuri, karibu kila tatizo lina mlango wa nyuma.

Mfano unaokumbukwa na wengi ni wa Redcliffe. Connor, mtoto wa mtawala wa mji huo, amepandwa na pepo, na usiku maiti zinafufuka kuua wakazi. Unaweza kumuua mtoto. Unaweza kumruhusu mama yake, Isolde, atolewe kafara kwa uchawi wa damu ili mtu aingie katika ulimwengu wa pepo na kumkomboa. Ni uamuzi wa kutoa jasho. Lakini kuna njia ya tatu: safiri hadi mnara wa wachawi, na kama huko uliwaacha hai, waombe waje kusaidia. Unaondoka, unavuka nchi, unarudi, na Redcliffe iko vilevile ulivyoiacha. Pepo amekusubiri. Mtoto anapona, mama anapona, na wewe hulipi chochote.

Si kwamba Origins haina maamuzi yenye gharama. Kumsamehe Loghain mbele ya baraza la makabaila na kumwingiza kikosini kunamfanya Alistair, rafiki wa safari nzima, akuache kwa hasira, na hapo hakuna maneno ya kumrudisha. Hata hivyo, mwishoni, Warden anapotakiwa kufa ili joka life, mchawi Morrigan anakuja na mpango wa kuepusha kifo hicho. Deni lake ni la baadaye, la nje ya hadithi hii. Kwa tabia, Origins ni gemu inayotaka ushinde.

Dragon Age II haina njia ya tatu. Unapoondoka kwenda kwenye msafara wa hazina, mdogo wako aliyebaki anaomba kwenda nawe. Ukimchukua, sumu ya mazimwi inampata huko chini. Atakufa mikononi mwako, au, ikiwa mwenzako mmoja, Anders, yupo kundini, atachukuliwa na Grey Warden na kuondoka katika maisha yako. Ukimwacha nyumbani kwa usalama, unarudi na utajiri ukikuta askari wa dini wamekuja kumchukua Bethany kwa kuwa ni mchawi, au Carver amejiunga nao mwenyewe. Kwa vyovyote vile, unampoteza. Ulichoamua ni namna ya kumpoteza tu.

Miaka inapita, na muuaji mmoja mjini anawapelekea wanawake maua meupe ya yungiyungi kabla ya kuwateka. Mchezaji makini anakutana na kesi hiyo mapema, anafuatilia nyayo, anaokota ushahidi. Siku moja anarudi nyumbani na kukuta maua hayo yamefika kwa mama yake. Anakimbia. Anafuata matone ya damu hadi shimoni. Leandra anakufa hata ungefanya nini, hata ungekimbia vipi, hata kama tangu awali ulifanya kila ulichotakiwa kufanya.

Wachezaji wengi waliita hiyo dhuluma: kwa nini nipewe uchaguzi usiobadilisha kitu? Lakini swali hilo lenyewe ndilo hadithi inalolifanyia kazi. Hawke ameitwa shujaa na mji mzima, na mpelelezi anamtafuta akiamini ndiye aliyepanga vita vilivyowasha dunia. Varric anajaribu kueleza kwamba huyo alikuwa mtu tu, aliyekuwepo mambo yakitokea, akijaribu kushika hiki huku kile kikimponyoka. Msiba wa Leandra unaeleza hilo kuliko hotuba yoyote.

Kilele chake ni Anders, tabibu wa wakimbizi na mchawi aliyejichanganya na roho ya haki ambayo kidogo kidogo imegeuka kisasi. Anakuomba umsaidie kukusanya madini na chumvi fulani za kwenye mifereji ya mtaa wa chini, akidai ni dawa ya kumtenganisha na roho hiyo. Unaokota, tena kwa roho safi. Kisha anakuomba umshughulishe kwa maneno mkuu wa kanisa huku yeye akipita. Unamwona ana wasiwasi, hasemi kwa nini. Baadaye kanisa linalipuka, na mchezaji anatambua kwamba baruti ile aliiokota kwa mikono yake.

Ndugu wasioelewana

Jambo jingine ambalo Dragon Age II ilifanya vizuri zaidi ni urafiki. Katika Origins, wenzako wana kipimo cha kukupenda. Kikishuka sana, wanaondoka au wanakugeuka. Mchezaji mjanja hugundua haraka kwamba zawadi zinapandisha kipimo hicho: Sten, askari mkali kutoka nchi ya mbali, analainika kwa michoro ya sanaa, na mwingine kwa vito. Matokeo yake unasema unachofikiri, unamuudhi mtu, kisha unamhonga.

Katika ya pili, kipimo kina ncha mbili, urafiki na ushindani, na zote zina thamani. Merrill, msichana wa Kielfi, anatengeneza kioo cha kale kwa msaada wa uchawi wa damu, na ukoo wake umemkataa kwa ajili hiyo. Anakuomba kifaa cha kumalizia kazi. Ukimpa, mnakuwa marafiki zaidi. Ukimnyima kwa kuwa unaona atajiangamiza, anakasirika, lakini haondoki. Mnaendelea kubishana kama ndugu wa tumbo moja, na hadithi yake inachukua sura nyingine. Uhusiano wa kupingana kwa heshima ulikuwa kitu kigeni katika gemu za wakati huo, na bado ni nadra.

Wenzako hawa wana makazi pia. Katika Origins wote hukaa kambini wakisubiri uwasemeshe. Kirkwall, Varric yuko kwenye baa, Anders zahanati kwake katika mtaa wa chini, Aveline kambi ya askari wa mji. Wanapanda vyeo, wanapenda, wanagombana hata usipokuwepo. Aveline, mwanamke asiyeogopa jitu lolote, anapompenda askari mwenzake anashindwa kabisa kusema, na Hawke analazimika kutangulia kwenye njia ya doria akisafisha majambazi ili wawili wale wapate nafasi ya kuzungumza. Wanazungumzia mapanga.

Hawke mwenyewe ana sauti, tofauti na Warden wa Origins ambaye maneno yake unayasoma tu. Unachagua mwelekeo wa jibu, la upole, la mzaha au la ukali, na gemu inaweka hesabu. Ukizidisha mzaha, Hawke anaanza kuutoa mwenyewe hata pale usipomchagulia. Gharama yake ni kwamba wakati mwingine unachagua maneno mafupi ukasikia kitu usichokusudia. Wanaopenda kuandika mhusika wao kichwani bado wataona Origins iliwapa nafasi zaidi, na wako sahihi.

Pango lilelile

Sasa tufike kwenye lawama za haki. Dragon Age II ina pango moja. Ukitumwa kutafuta wezi milimani, utaingia humo. Ukitumwa kutafuta mtoto aliyepotea, humo. Ukifuata mazimwi, humo. Wabunifu waliziba mlango huu kwa jiwe safari hii na mlango ule safari ijayo, lakini ramani ndogo pembeni ya kioo iliendelea kuonyesha pango zima, na hivyo kumfichulia mchezaji ujanja wenyewe. Ni vivyo hivyo kwa majumba ya matajiri na maghala ya bandarini.

Ubaya wake unazidi uchovu wa macho. Gemu hii inadai kwamba miaka inapita katika mji mmoja. Basi mji huo ulipaswa kuonyesha miaka hiyo: maduka yafungwe, watoto wakue, mitaa iungue na kujengwa. Kirkwall haibadiliki. Wazo la mji mmoja lilihitaji kazi kubwa kuliko wazo la nchi nzima, nalo ndilo lililonyimwa muda. Hapo ndipo pengo kati ya fikra na utekelezaji linapoonekana waziwazi.

Mapigano nayo yana hadithi yake. Katika Origins unasimamisha muda, unapandisha kamera juu kwenye kompyuta, unapanga: huyu azibe mlango, yule amwage mafuta ya uchawi sakafuni, mwingine arushe moto. Ukikosea, moto unawachoma wenzako. Vita ni vya polepole na vya kufikiri. Ya pili iliongeza kasi, ikaondoa kamera ya juu, na moto wako haumdhuru mwenzako isipokuwa kwenye kiwango cha juu kabisa cha ugumu. Pigo la shujaa lina uzito wa kufurahisha, na mbinu za kuunganisha shambulio la mchawi na la mpiganaji zimefikiriwa vizuri. Lakini ukishaua kundi la kwanza, la pili linadondoka kutoka juu ya mapaa, kisha la tatu, hata uwanja uwe na mapaa au usiwe nayo. Ukipanga kikosi chako vizuri dhidi ya maadui uliowaona, wale usiowaona wanakushukia mgongoni. Mipango inakosa maana. Kwa upande wa vita, Origins inashinda bila ubishi.

Mwisho wa hadithi nao una harufu ya haraka. Wachawi na askari wa dini wanapoingia vitani, unatakiwa kuchagua upande. Unachagua, kisha unapigana na viongozi wa pande zote mbili. Orsino, mkuu wa wachawi, anageuka zimwi hata pale ulipokuwa unamtetea na ushindi ukielekea kwenu. Leandra kufa bila kujali uamuzi wako kuna maana ndani ya hadithi. Orsino hana maana yoyote; gemu ilihitaji adui mkubwa mwingine, basi.

Kilichorithiwa

Jibu la BioWare kwa kelele zile lilikuwa Dragon Age: Inquisition ya Novemba 2014. Ilirudisha uchaguzi wa asili na kamera ya juu, na badala ya pango moja ikatoa maeneo mapana kiasi kwamba wachezaji wengine walilalamikia ukubwa. Mwaka huo ilitwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards.

Lakini angalia ilijengwa kwa nini. Vita vya wachawi na askari wa dini vinavyoianzisha vilianzia Kirkwall. Madini mekundu yanayotia wazimu yalitoka kwenye sanamu ambayo msafara wa Hawke uliikuta chini ya ardhi. Cassandra na Varric, mpelelezi na mtuhumiwa wake, sasa ni wenzako wa safari, na Hawke mwenyewe anarudi. Miaka kumi baadaye, katika The Veilguard ya Oktoba 2024, Varric bado yupo. Origins iliupa ulimwengu huu ramani na historia. Mwendelezo uliopondwa ndio uliotoa mgogoro na watu wa kuuendesha.

Kwa hiyo hukumu ni hii. Kama ni kuchagua gemu moja iliyokamilika, chagua Origins: ina milango sita, maamuzi yenye rangi nyingi na vita vinavyotumia akili. Kama ni kuchagua hadithi iliyothubutu zaidi, ni Dragon Age II, pamoja na pango lake. Waliosema imeshindwa kwa sababu ni ndogo walikosea. Ilishindwa pale tu ilipokosa muda wa kuufanya udogo wake uwe hai.

Kwa anayetaka kuzijaribu, anza na Origins na usiruke mazungumzo, kwani ya pili inaweza kuyapokea maamuzi uliyoyasevu. Ukifika Kirkwall, weka kiwango cha kawaida cha ugumu, achana na vibarua vya kuokota vitu mapangoni, na fuata hadithi kuu pamoja na za wenzako. Na usipoteze usiku mzima kupakia upya ulichosevu ukitafuta njia ya kumwokoa Leandra. Haipo.